Maswali ya Wasomaji: Kigoma, Mwisho wa Reli

Katika toleo lililopita tuliahidi kwamba safu hii ya safari ingeshughulikia mji mmoja tu, Kigoma, ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na tukawaomba wasomaji watuletee maswali yao. Barua zilizofika zimezidi nafasi tuliyonayo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale yaliyohusu bei za vyumba na viingilio nimeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa bei hubadilika kabla wino wa gazeti haujakauka.

Bila sokwe, Kigoma kuna nini?

*Ndugu Mhariri, mwezi wa Juni mimi na mume wangu tutakwenda Kigoma kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu. Tutakuwa na siku nne kabla ya harusi, na kwa pensheni zetu hatuwezi kulipia safari ya kwenda kuona sokwe. Kila ninayemuuliza ananiambia kwamba bila Gombe hakuna la kuona. Je, ni kweli? — Mama Mwalimu, Morogoro*

Shikamoo Mama Mwalimu. Si kweli, na nina shaka kwamba wengi wa waliokuambia hivyo waliuona mji kupitia dirisha la gari lililowatoa uwanja wa ndege na kuwafikisha kwenye boti. Gombe ni hifadhi nzuri, lakini ni jirani wa Kigoma. Mji wenyewe una mambo yake, na sehemu kubwa ya mambo hayo haikudai zaidi ya nauli ya daladala, viatu vinavyostahimili vumbi, na subira ya kusalimiana na watu.

Ningeanzia Kibirizi, mwalo ulioko kaskazini kidogo mwa mji, ambako dagaa huteremshwa asubuhi. Dagaa wa Kigoma huvuliwa usiku kwa taa. Chombo ambacho wavuvi hukiita kipe ni mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, na katikati yake huteremshwa wavu. Taa, ambazo zamani zilikuwa karabai na siku hizi nyingi ni za umeme wa jua, huwavuta dagaa kutoka kilindini hadi juu ya wavu huo. Kwa kuwa taa ya mvuvi haiwezi kushindana na mbalamwezi, wavuvi hupumzika siku kadhaa mwezi unapokuwa mpevu, kisha hurudi ziwani giza linaporejea. Ndiyo maana huwashauri wageni wa Kigoma watazame mwezi kabla ya kutazama ratiba ya ndege. Ukifika wakati wa giza, usiku utaziona taa zimetapakaa ziwani kana kwamba kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji, na alfajiri Kibirizi itakuwa imejaa makelele ya wauzaji, wachukuzi na akina mama wenye beseni. Ukifika wakati wa mbalamwezi utawakuta wavuvi wakishona nyavu na kulala mchana, jambo ambalo nalo lina utulivu wake, lakini si lile ulilosafiri kuliona.

Kwa safari ya Juni kuna jambo lingine la kuuliza mapema. Mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na hatua kama hiyo hufanywa kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka ziwa, yaani Burundi, Congo na Zambia. Mwombe dada yako akuulizie kama mwaka huu ziwa litafungwa. Likifungwa, Kibirizi itakuwa kimya, na mgebuka, samaki wa ziwa hili, utakaoupata mezani utakuwa wa kukaushwa.

Asubuhi ya pili nendeni Mwanga, mtaa ulioko juu ya mji wa bandari, kwenye soko lake. Mtu wa Morogoro aliyezoea mafuta ya alizeti atashangazwa kwanza na rangi: mafuta ya mawese, mekundu kama udongo wa mvua, yamepangwa katika chupa na madumu mstari baada ya mstari, kwa sababu mkoa huu ndio kitovu cha michikichi nchini. Mtaona pia sabuni ya gwanji, ambayo hutengenezwa kwa mafuta hayo hayo, na ambayo akina mama wa huko watawaeleza sifa zake kwa urefu ambao hakuna tangazo la redio linaloufikia. Nunueni mawese kidogo, muonje kabla ya kulipa. Mawese mazuri hayakwaruzi koo. Mkisalimia kwa Kiha, hata kama ni neno moja tu la asubuhi, *mwakeye*, bei haitashuka, lakini mazungumzo yatarefuka na mtapewa kigoda cha kukalia.

Mchana kuleni mahali ambapo wachukuzi na madereva wanakula. Agizeni mgebuka uliopikwa kwa mawese, pamoja na ugali wa muhogo, ambao huvutika zaidi kuliko ugali wa mahindi na ambao mume wako, kama ni mtu wa mahindi, huenda akaulalamikia mara ya kwanza. Kuhe, samaki mkubwa wa maji ya kando, ni mtamu kuliko mgebuka kwa maoni yangu, ingawa nimewahi kubishana juu ya jambo hilo na fundi cherehani mmoja wa Mwanga kwa muda unaotosha kushona suruali.

Jioni iwe ya jua. Sisi tuliozoea pwani ya Bahari ya Hindi tunalijua jua linalochomoza kutoka majini. Kigoma jua huzama majini, nyuma ya milima ya Congo. Wengi huenda kulitazama kwenye ufukwe wa Jakobsen, ambao pia huitwa Mwamahunga, kilomita chache kusini magharibi mwa mji, karibu na kijiji cha wavuvi cha Katonga. Ufukwe huo una mmiliki na una kiingilio, maji yake ni maangavu, na siku za katikati ya wiki mnaweza kuwa peke yenu. Mwezi Juni milima ya ng'ambo bado huonekana vizuri. Ikifika Agosti na Septemba moshi wa mbuga zinazochomwa huifunika, na mgeni huondoka akiamini kwamba ziwa halina ng'ambo.

Ujiji ningeipa siku nzima, na kwa kuwa wasomaji wawili wameiuliza, nitaieleza chini. Siku inayobaki iacheni bila mpango. Nyumba yenye harusi haikosi kazi, na dada yako hatawasamehe mkirudi kila siku magharibi.

Treni au ndege?

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Je, safari ya treni hadi Kigoma inafaa, au ni mateso tu?*

Inategemea una siku ngapi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ya kati ya zamani ni takriban kilomita 1,250, na treni huchukua karibu siku mbili kama mambo yote yamekwenda sawa, jambo ambalo usiliwekee dhamana. Reli ya kisasa inakuhudumia wewe wa Dodoma ukielekea mashariki. Kipande cha magharibi cha kwenda Kigoma bado kinajengwa. Faida ya treni ya zamani ni kwamba inakueleza kwa nini mji huu upo: Wajerumani walianza kuijenga reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na ziwani Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kijiji cha wavuvi kilichokuwa na ghuba nzuri kikageuka bandari. Hapo ndipo lilipotoka lile jina ambalo kila Mtanzania analijua, mwisho wa reli.

Ukishuka, usikimbilie bodaboda. Geuka ulitazame jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani hao, lenye matao mapana, kisha panda kwa miguu Barabara ya Lumumba, yenye jina la waziri mkuu wa kwanza wa Congo, inayoanzia hapo na kupanda mlima. Jina la barabara si pambo, kwa maana Congo iko ng'ambo tu ya maji, na habari zake zimekuwa habari za Kigoma siku zote. Aprili 1965 Che Guevara na wenzake wachache kutoka Cuba walipita katika mji huu wakavuka ziwa usiku kwenda kuwasaidia wapiganaji wa mashariki mwa Congo, na Novemba mwaka huo huo wakarudi kwa njia hiyo hiyo, wakiwa wameshindwa.

Beba maji, shuka na kitabu. Chakula utakinunua dirishani, na kila stesheni ina chake.

Ujiji ya mababu, na jiwe la Burundi

*Assalaam alaykum. Marehemu babu yangu alikuwa akiitaja Ujiji kila mara kama mji mkubwa wa biashara, na mimi sijapata kufika bara. Je, umebaki mji wowote wa kuonekana? — Msomaji wa Muscat*

*Ndugu Mhariri, nimesoma shuleni kwamba Stanley alikutana na Livingstone Ujiji, lakini kusini mwa mji wetu kuna jiwe lililoandikwa majina yao wote wawili. Nani anasema kweli? — Msomaji wa Bujumbura*

Wa alaykum salaam. Nitaanza na ndugu wa Bujumbura, kwa kuwa jibu lake ni fupi: wote wanasema kweli. Walikutana Ujiji, na kibao cha ukumbusho kilichopo hapo kinataja tarehe 10 Novemba 1871. Baada ya siku chache wakapanda mtumbwi pamoja wakaelekea kaskazini kuchunguza kama Mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia, maana wazungu wa wakati ule walikuwa wakigombania chanzo cha Nile na baadhi yao walitumaini kwamba Rusizi ni mmoja wa mito yake. Wakakuta unaingia. Katika safari hiyo walilala Mugere, mwishoni mwa Novemba, na jiwe lenu ni kumbukumbu ya malazi hayo. Mkutano wa kwanza haukuwa hapo.

Sasa Ujiji. Ndugu wa Muscat, babu yako hakutia chumvi. Kabla ya reli, Kigoma haikuwa kitu, na Ujiji, iliyoko umbali wa safari fupi ya daladala upande wa kusini, ndiyo iliyokuwa mlango wa ziwa. Njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora iliishia hapa, kisha ikaendelea kwa mitumbwi hadi Manyema, mashariki mwa Congo. Waarabu wa Oman na Waswahili wa pwani walikuwa na nyumba, mashamba na madeni hapa; wakati Burton na Speke walipofika, Februari 1858, walikuta soko lililokwisha kuzoea bidhaa za Zanzibar. Kilichouzwa ni pembe na watu. Njia hiyo yote, Ujiji ikiwa kituo chake cha magharibi, imewekwa tangu mwaka 2006 katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Tanzania inayapendekeza kuwa urithi wa dunia, na anayeitembelea kwa ajili ya kumbukumbu ya ukoo wake asiisahau bidhaa ya pili kwa kuipenda ya kwanza.

Usitarajie Mji Mkongwe wa Zanzibar. Ujiji haina majumba ya matumbawe wala milango ya nakshi iliyopangwa mtaa mzima. Ina nyumba za udongo na matofali zenye mabaraza, misikiti mingi, wazee wa kanzu, na miembe mikubwa ambayo wenyeji husimulia kwamba ilitokana na kokwa zilizotupwa na misafara. Urithi wake umebaki zaidi katika maneno kuliko katika mawe. Kiswahili kilitia mizizi hapa mapema kuliko sehemu nyingi za bara, kikachanganya watoto wa Waha, Wamanyema, Wabwari, Wabembe na watu wa pwani, na hadi leo mtu wa Ujiji atakuambia kwa fahari kwamba yeye ni mtu wa Ujiji kabla hajakutajia kabila lake.

Kwenye eneo la ukumbusho kuna makumbusho ndogo, mnara, na miembe miwili inayosemwa kuwa ni vizazi vya ule mwembe ambao chini yake wale wawili walisalimiana. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Ndani kuna sanamu mbili za watu wazima wakivuliana kofia, ambazo watoto wa shule huzicheka, na sioni ubaya wa kucheka. Ninalolalamikia ni kwamba mgeni hutoka akimjua Stanley na Livingstone, lakini hawajui vya kutosha Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone alikuwa amerudi Ujiji akiwa mgonjwa, na akakuta vitu vyake vimeuzwa na mtu aliyeaminiwa kuvitunza. Aliyetoka mbio kumpokea Stanley na kumwamkia kabla ya bwana wake kutokea alikuwa Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi, Chuma na wenzao walimkausha wakambeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwongoze mwenye makumbusho azungumze juu ya hao, naye atafurahi kuulizwa swali ambalo haulizwi kila siku.

Utashangaa kwamba mnara uko mbali na maji, ilhali masimulizi yote yanaitaja pwani ya ziwa. Mabadiliko ya kina cha maji ndiyo sababu. Katika miaka ya 1870 ziwa lilikuwa juu mno, kisha Mto Lukuga, ulioko upande wa Congo na ambao ndio mlango pekee wa kutokea maji, ukazibuka, na maji yakashuka mita kadhaa. Miaka ya karibuni yamepanda tena, yakameza sehemu za fukwe, nyumba na hata maeneo ya bandari, kwa hiyo picha ulizoziona kwenye mtandao zinaweza kukuonyesha mchanga ambao leo ni maji. Teremka hata hivyo hadi ufukweni, ukawaone mafundi wakichonga na kupigilia maboti ya mbao. Hapo ndipo mahali ninapopenda kuliko pote Ujiji. Fundi mmoja akishika shoka dogo na mwingine akiziba nyufa kwa pamba iliyolowa mafuta, mtu anaweza kukaa asubuhi nzima bila kuona haya ya kukaa bure.

Ile meli ya Wajerumani bado ipo?

*Shikamoo Mhariri. Baba yangu alisafiri na MV Liemba mwaka 1983, na anadai ilikuwa meli ya vita ya Wajerumani iliyozama ikafufuliwa. Ndugu zangu wanamcheka. Je, anatudanganya? — Kijana wa Sumbawanga*

Marahaba. Wamuombe baba yenu radhi. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, katika kiwanda cha Meyer, ikapewa jina la Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika maelfu ya makasha, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kuanza. Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani wenyewe waliizamisha; lakini mafundi wake walizipaka injini grisi kwa unene kwanza, wakitumaini kwamba watairudia. Hawakuirudia. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Tangu hapo imebeba kila kitu kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia: mananasi, mahindi, magodoro, maharusi, na wakimbizi. Mei 2015, maelfu ya Warundi walipokwama Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na maji ambacho hakina barabara, Liemba ndiyo iliyokwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma. Sehemu nyingi ilikoshusha abiria hakukuwa na gati. Mitumbwi iliifuata katikati ya maji, usiku, na watu wakashuka kwa kurukia. Baba yako bila shaka ana kisa chake cha kuruka huko, mwulizeni.

Kwa miaka kadhaa sasa meli imesimama kwa ajili ya matengenezo makubwa. Kabla ya kupanga safari ya kuisafiria, piga hodi bandarini Kigoma upate habari za wiki hiyo, wala usitegemee vitabu vya wageni, ambavyo vingine bado vinachapisha ratiba ya zamani.

Kuogelea

*Je, maji ya ziwa ni salama? Nimesikia habari za mamba na kichocho. — Msomaji wa Nairobi*

Yote mawili yapo, lakini si kila mahali. Mamba na viboko hupenda midomo ya mito na matete, hasa upande wa Malagarasi, mto mkubwa unaoingia ziwani kusini mwa Ujiji. Kichocho hutokana na konokono wa maji yaliyotulia karibu na makazi ya watu, kwa hiyo epuka kuoga mwaloni na mahali ambapo watu wanafua. Fukwe zenye mawe na maji maangavu mbali na vijiji zina hatari ndogo zaidi, na hata huko muulize mwenyeji wa siku hiyo, si wa mwaka jana. Ukiwa na miwani ya kuzamia, ingia kwenye mawe: samaki wadogo wa rangi za manjano, buluu na mistari, ambao spishi zao ni zaidi ya 200 na wengi wao hawapatikani kwingine duniani, watakuja hadi kwenye vidole vyako. Usisahau pia kwamba hili si bwawa. Kina chake hufikia mita 1,470, ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na pepo za kusi kati ya Mei na Septemba huweza kuinua mawimbi kama ya bahari mchana. Boti ipandwe asubuhi, na bila jaketi la kuokolea isipandwe kabisa.

Watoto na sokwe

*Tunataka kuwapeleka watoto wetu watatu Gombe wakati wa likizo ya Juni. Wana miaka 8, 11 na 16. Tujiandae vipi? — Baba wa familia, Arusha*

Ndugu yangu, subiri kabla ya kulipa. Kanuni ya Gombe imekuwa kwamba mtoto asiyetimiza miaka 15 haingii msituni kuwafuata sokwe, na kanuni hiyo ina sababu mbili za msingi. Sokwe huambukizwa mafua na vikohozi vyetu, na kwao ugonjwa ambao mtoto wako anaumaliza kwa siku tatu unaweza kuua familia. Ndiyo maana hata watu wazima huvaa barakoa na kukaa umbali wa mita zilizowekwa. Sababu ya pili ni kwamba sokwe dume ana nguvu nyingi kuliko mtu mzima, na huwinda wanyama wadogo. Thibitisha umri unaoruhusiwa kwenye ofisi ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, Kigoma. Huenda mmoja wenu akaenda na mwenye miaka 16, na mwingine akabaki mjini na wadogo, ambao nina hakika kwamba Kibirizi na mafundi maboti wa Ujiji watawafurahisha kuliko saa nne za kupanda mlima.

Hifadhi iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, haina barabara, na hufikiwa kwa maji tu. Boti ya kukodi huchukua saa moja hadi mbili. Boti za abiria za Kibirizi ni nafuu mno, lakini kwa kawaida huondoka adhuhuri, huchukua saa tatu au zaidi zikisimama kila kijiji, na zile za kurudi hupita asubuhi na mapema, kwa hiyo mtahitaji kulala hifadhini usiku mara mbili. Niliwahi kuingia katika boti ya namna hiyo nikakaa juu ya gunia ambalo nilidhani ni la mkaa, hadi lilipoanza kulia kama mbuzi.

Mtakachokiona huko ni msitu mwembamba unaoshuka kutoka milimani hadi ufukweni, ambako Jane Goodall alifika Julai 1960 akiwa na miaka 26, pamoja na mama yake, kwa kuwa watawala wa wakati ule walikataa msichana kukaa porini peke yake. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemwona sokwe akichokoa mchwa kwa ujani alioutengeneza, jambo lililowalazimisha wanasayansi kuacha kusema kwamba ni binadamu tu anayetengeneza vifaa. Goodall alifariki Oktoba 2025, na utafiti alioanzisha unaendelea, kwa sehemu kubwa mikononi mwa watafiti Watanzania wanaoamka kabla ya jua na kumfuata sokwe mmoja hadi atakapojenga kiota chake cha usiku. Mwambieni kijana wenu wa miaka 16 azungumze nao.

Dagaa wa kurudi nao

*Kila nikiagiza dagaa wa Kigoma wanakuja na mchanga. Nikienda mwenyewe nitawatambuaje walio safi? — Mama lishe, Dodoma*

Mama, mchanga unatokana na mahali walipoanikwa. Dagaa walioanikwa ufukweni juu ya mchanga huubeba kila upepo unapovuma. Walioanikwa juu ya chanja, yaani vichanja vya nyavu vilivyoinuliwa, huwa safi na hukauka pande zote. Muulize muuzaji moja kwa moja: wa chanja au wa chini? Kisha usimwamini, ujaribu mwenyewe. Chukua wachache, wasugue juu ya kitambaa cheupe, utazame kilichobaki. Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, ana kichwa chake, na ukimkunja anavunjika bila kupinda. Mwenye rangi ya manjano amekaa sana au alinyeshewa kabla ya kukauka. Ndiyo sababu wa masika huwa na matatizo na wa kiangazi huwa bora. Ukinunua gunia, usikubali kuonyeshwa juu tu. Waambie walimwage nusu. Mimi niliona haya kufanya hivyo mara moja, na nusu ya chini ya gunia lile nimewalisha kuku wa jirani.